Asante sana wewe uliyeniokolea beki yangu ya filamu

Jamani naomba nimshukuru huyu mtu, jina lake silijui ila mwenyewe akisoma atajijua. Beki yangu ya zamani ya filamu ya 120, yaani kile kisanduku cha kubebea filamu kinachofungwa nyuma ya kamera, ilikuwa inavujisha mwanga, picha za 6x6 (za mraba, sentimita 6 kwa 6) zinatoka na mlia mweupe pembeni, upande uleule kila mara, na lenzi na shata vyote viko sawa. Yeye akauliza kitu kimoja tu, mlia uko upande wenye mwanya inapochomekwa ile sahani nyembamba ya kuzuia mwanga usiifikie filamu? Ndio, hukohuko! Basi akanielekeza taratibu bila kunichoka, fungua kile kibati kidogo cha kwenye mwanya, toa sponji ya kuziba mwanga iliyogeuka unga unaonata, safisha kwa spiriti usiache hata chembe, ndo uweke sponji mpya na kile kiplastiki chembamba kilichokunjwa. Akasisitiza beki ikikaa bila filamu sahani itolewe, maana inaibana sponji mpaka inalala, na hili kwangu ndo lilikuwa la thamani kuliko yote. Rolo iliyofuata picha zote 12 zimetoka safi kabisa!! Ubarikiwe sana ndugu yangu, kwa kweli nimefurahi mno.