Barua kwa mwanangu aliyeko Malang, Indonesia

Assalaam alaykum mwanangu,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mpaka mwisho. Alhamdulillahi homa imepoa na chakula cha huko umekizoea. Lakini pale uliposema wenzako wa dahalia wanavuta sigara zinazonukia kama uwanja wetu siku za kuanika karafuu, ukacheka, mimi sikucheka. Nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu utanikatiza.

Harufu hiyo ni ya karafuu yenyewe. Sigara zao nyingi, zile kretek, ni tumbaku iliyochanganywa na karafuu. Wenyewe husimulia kwamba kwenye mwaka 1880 hivi, mtu wa mji wa Kudus aitwaye Haji Jamhari aliumwa na kifua, akajipaka mafuta ya karafuu, akapata nafuu, kisha akaona azitie karafuu ndani ya sigara. Babu yako alikuwa akituambia magunia ya karafuu yanayotoka Wete, huku kwetu Pemba, yanakwenda kuvutwa, sisi watoto tukidhani anatutania. Kwa miaka mingi Indonesia ndio waliokuwa wanunuzi wetu wakubwa, mpaka mikarafuu yao wenyewe ilipowatosha katika miaka ya 1980. Kwa hiyo usidhani nawasema watu. Mabati ya nyumba ya babu yako yalinunuliwa kwa pesa hizo.

Ninachotaka ukijue ni kazi ya karafuu humo ndani. Ulipokuwa ukiumwa na jino nilikuwekea punje moja, pakafa ganzi, ukalala. Koo nalo hufa ganzi vivyo hivyo. Moshi ambao ungemkohoza mtoto anayejaribu kwa mara ya kwanza unashuka taratibu, na baadhi ya sigara hizo hutiwa utamu pale panapogusa mdomo. Aliyevuta miaka ishirini hana haja ya kubembelezwa hivyo. Anayebembelezwa ni mgeni. Marekani ilipopiga marufuku sigara za ladha mwaka 2009, karafuu ikiwemo, hoja yao ilikuwa hiyo hiyo, kwamba zinawavutia vijana. Indonesia ikawashitaki kwenye Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2012 ikashinda, kwa kuwa Marekani iliziacha sigara za mentholi ziendelee kuuzwa kwao. Hapo mimi sina wa kumtetea.

Unasema hakuna anayekulazimisha. Nakuamini. Katika nchi ambayo wanaume zaidi ya sita katika kila kumi wanatumia tumbaku, nani ahangaike kumlazimisha mtu? Kijana anaamka akimkuta baba anavuta, akitoka nje jirani anavuta, na rafiki akikunjua pakiti humnyooshea kama sisi tunavyomkaribisha mtu kahawa. Wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 walipoulizwa mwaka 2019, karibu mmoja katika watano alikuwa akitumia tumbaku, na wengi mno ni wavulana. Wasichana wanakaa madarasa yale yale na wanapita kwenye maduka yale yale, lakini kwao kuvuta ni aibu. Kwa mvulana imefanywa kuwa ndiyo dalili ya uanaume. Tazama matangazo ya kampuni za sigara: sheria inawakataza kuonyesha sigara yenyewe, basi wanaonyesha milima, pikipiki na marafiki wanaocheka. Kwenye televisheni hayaruhusiwi mpaka saa nne usiku, kana kwamba kijana wa miaka kumi na sita hulala saa mbili.

La mpira wa vinyoya ndilo lililonishangaza zaidi. Djarum, kampuni ya sigara ya huko huko Kudus, ina klabu iliyolea mabingwa wakubwa wa mchezo huo. Mwaka 2019 kamisheni yao ya kulinda watoto ililalamika kwamba watoto wanaokuja kujaribiwa ili waingie klabuni wanavishwa fulana zenye jina la sigara. Kampuni ikasema basi, majaribio yatasitishwa. Watu wakawaka, na wengi waliikasirikia kamisheni! Mwishowe walikubaliana majaribio yaendelee bila ya jina hilo. Siwalaumu wazazi wale. Mtoto wako akiwa na kipaji na mwenye pesa za kumlea ni huyo mmoja, utafanyaje? Ndivyo biashara inavyojipatia watetezi bila ya kuwaomba.

Na ukiambiwa mashekhe wa huko hawana neno, si kweli kwamba wamenyamaza. Baraza la Maulamaa la huko lilitoa fatwa mwaka 2009 kwamba kuvuta ni haramu kwa watoto, kwa wajawazito na mbele za watu. Muhammadiyah, moja ya jumuiya zao kubwa za Kiislamu, mwaka uliofuata wakasema ni haramu kwa wote. Wenzao wa jumuiya nyingine kubwa, Nahdlatul Ulama, wameona ni makruhu. Wewe nakujua, utaichagua ile nyepesi.

Sheria nayo ipo. Tangu mwaka 2024 hairuhusiwi kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 21, wala kuuza moja moja, wala kuuza ndani ya mita 200 kutoka skuli. Wewe una miaka kumi na tisa, na umeniambia mwenyewe kwamba kibanda cha karibu na lango lenu kinauza moja moja. Pakiti nzima kijana angeifikiria mara mbili. Moja anainunua kwa chenji ya chai.

Sasa wewe ukinyooshewa, weka mkono kifuani, shukuru, useme kifua chako hakitaki. Hakuna atakayeona umemvunjia heshima, na si uongo, pumu ya babako unaijua. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kulala humo chumbani na moshi kila usiku. Nenda kwa msimamizi wa dahalia ukaombe chumba cha wasiovuta. Kama kuna pesa ya kuongeza, usiikate kwenye chakula, niambie mimi, nitazungumza na ami yako. Ijumaa baada ya sala nipigie nijue wamekujibu nini.

Mamako