Barua kwa mwanangu: SAT, ACT na siku za mbalamwezi

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Mwangaluka. Sisi huku hatujambo, goti la bibi yako limetulia na mdogo wako ameota jino ambalo kila mgeni lazima alione. Hizi ni siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka hivi dagaa hazifuati taa, mitumbwi inalala, na mimi sina cha kuanika wala cha kugombania kule sokoni Mwaloni. Ndiyo maana leo unapata barua ndefu badala ya ule ujumbe wa mistari miwili ninaompigia patroni akufikishie.

Umeniandikia kwamba mwalimu wenu wa hesabu amewaambia ninyi wanne mnaoongoza PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, mjaribu vyuo vya Marekani, na kwamba bwenini sasa mnabishania SAT na ACT, ile mitihani miwili ya kuombea vyuo hivyo, kama mashabiki wa Simba na Yanga. Ukataka niseme mmoja, nitume hela. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilikuwa sijui nilipie nini.

Kwanza nilikwenda kwa bwana mmoja mjini aliyebandika tangazo la kozi. Kiti cha kuzunguka, picha za theluji ukutani. Akaniahidi alama kubwa kwa miezi mitatu, nusu ya ada ilipwe siku ileile. Nikamuuliza mtihani wenyewe una maswali mangapi. Akasema inategemea. Baba, mimi siwezi kununua gunia kwa mtu asiyejua lina madebe mangapi. Nikaaga.

Jumapili iliyofuata akaja binamu yako wa Sengerema na kompyuta yake mpakato. Siku hizi anavuka daraja la Kigongo–Busisi kwa pikipiki, hana tena habari za kusubiri kivuko, basi haishi kuja kula kwangu. Akapakua programu ya Bluebook, ile ileile wanayofanyia SAT, na ndani yake mna mitihani kamili ya majaribio, bure. Tukafanya mmoja. Mimi nikashika Kiingereza, yeye akashika hesabu, mtahiniwa mmoja vichwa viwili. Usicheke. Mama yako ana cheti cha kidato cha nne.

Kiingereza chao kina moduli mbili, kila moja maswali 27 kwa dakika 32. Vifungu ni vifupi, aya moja tu, na kila kifungu kina swali lake moja. Nikadhani ni mteremko. Kumbe ufupi ndio mtego: ukishaanza kuzoea habari za mimea, unatupiwa shairi la kizamani, kisha takwimu, kisha nukta na mkato. Hesabu nazo ni moduli mbili, maswali 22 kwa dakika 35 kila moja. Jumla saa 2 na dakika 14. Kila upande unaanzia alama 200 hadi 800, kwa hiyo juu kabisa ni 1600. Mimi nilipata 340, binamu yako 610. Amejisifu mpaka ugali ukapoa.

Kuna jambo moja linalonifanya nikuandikie kirefu, kwa sababu naona litakudhuru wewe hasa. Moduli ya pili inategemea ulivyofanya ya kwanza. Ukiivuruga ya kwanza, unaletewa ya pili iliyo nyepesi, na hapo hata ukipata yote huwezi kufika juu. Na ukishatoka moduli moja huwezi kurudi nyuma. Sasa nakujua: tangu darasa la nne wewe huanza mtihani kwa kuota jua, unachangamka katikati, unamaliza kwa mbio. Kidato cha sita tabia hiyo unaweza kuponea, maana msahihishaji anaona njia yako na anakupa alama za njia hata jibu likipotea. Hawa hawaoni njia. Wanaona jibu tu, mengi ya kuchagua, na kwenye hesabu machache ya kuandika mwenyewe. Wala hawakati alama kwa jibu baya, kwa hiyo usiache swali wazi hata moja. Na kalkuleta ya grafu imo humohumo kwenye programu, inaruhusiwa mwanzo mpaka mwisho wa hesabu. Ijue kabla, usiende kuishangaa siku hiyo.

Upande wa ACT, nimepiga hesabu kama ninavyopiga za mzigo. Tangu 2025 wameupunguza: Kiingereza maswali 50 kwa dakika 35, hesabu 45 kwa dakika 50, kusoma 36 kwa dakika 40. Sayansi imekuwa ya hiari, maswali 40 kwa dakika 40. Alama zake zinaishia 36. Gawanya mwenyewe uone: swali la hesabu la ACT lina sekunde kama 67, la SAT lina kama 95. Kwa hiyo yule rafiki yako anayesema ACT ni rahisi kwa watu wa sayansi, huenda ni kweli kwake kama ana macho ya mwewe. Wewe unasoma polepole na unaelewa vizuri. Mimi nakuona mtu wa SAT. Lakini hilo ni neno la mama, na mama si saa. Likizo hii ukija utafanya mmoja wa SAT Jumamosi moja na mmoja wa ACT Jumamosi nyingine, mezani, simu ikiwa saa mbele yako, mdogo wako nimpeleke kwa jirani. Utakaotoka nao vizuri ndio nitakaoulipia, na mwingine tuusahau. Kuiandaa yote miwili pamoja na Physics ya kidato cha sita sikubali.

Ada ya SAT kwa anayefanyia nje ya Marekani inapita dola 100, na ACT ni ghali zaidi. Nimeweka pia nauli ya Dar na siku mbili za kulala kwa shangazi yako, hata kama kituo kitatokea karibu. Afadhali hela ibaki. Kompyuta ni ya binamu. Simu haitumiki kwenye SAT. Betri ya kompyuta tutaijaribu mapema, maana mimi na umeme wa huku hatuaminiani.

Halafu kuna swali ambalo ninyi wanne hamjaulizana: huo mtihani vyuo vyenyewe vinauhitaji? Mwaka 2020 wakati wa korona vyuo vingi vya Marekani viliacha kuulazimisha, na vingi havijarudi. MIT ilirudi 2022, Dartmouth, Yale na Harvard zikatangaza kurudi 2024. Vyuo vya University of California havitazami kabisa alama hizo, ulete usilete. Kwa hiyo orodha ya vyuo ndiyo inatangulia, mtihani unafuata. Na kwenye orodha uweke vile vinavyopokea mtoto wa nje bila kuangalia mfuko wa mzazi, kisha vinamjazia pengo la ada. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni kati yake. Ni vigumu kuingia, najua. Lakini chuo kitakachokuchukua kikaniachia bili mimi wa Mwaloni, ni kama hakikukuchukua.

Kuhusu lini, hapa sina mjadala sana. Mtihani wenu wa taifa ni Mei. Sitaki usikie neno SAT kati ya Januari na Mei ya kidato cha sita, kwa sababu hao Wamarekani wenyewe watataka matokeo ya Baraza la Mitihani. Umalize, uende jeshini JKT, urudi mweusi na mkakamavu, kisha ufanye Oktoba au Novemba. Maombi ya vyuo vingi yanafungwa karibu na mwaka mpya. Utasafiri, kama ni kusafiri, Agosti inayofuata. Ukiniambia ni mwaka umepotea, nitakukumbusha kuna magunia ya kuhesabu hapa. Na dirisha la vyuo vya hapa likifunguliwa utaomba pia, na bodi ya mikopo utaomba, Dar, SAUT, popote. Sikuombei ushindwe. Naanika dagaa kila siku na bado turubai lipo pembeni.

Kinachobaki ni Kiingereza. Hesabu sina wasiwasi nazo, Khan Academy, wale wa masomo ya mtandaoni, wana mazoezi ya SAT bure na binamu ameshakuwekea. Lakini umesoma msingi kwa Kiswahili kama sisi wote, na kusoma kwa kasi hakuji kwa wiki tatu za mwisho. Soma ukurasa mmoja kila usiku kabla ya taa kuzimwa, kitu chochote, hata kinachokuchosha. Hasa kinachokuchosha. Ukimaliza, funika na umweleze wa kitanda cha juu kilikuwa kinasema nini.

Barua hii anakuletea mjomba wako, yuko njiani kwenda Tabora kwa msiba wa mkwewe, kwa hiyo mpokee kwa adabu na umpe pole kabla ya kuuliza mzigo. Shuka uliloomba limo. Dagaa nimezikaanga na ndimu, usiwagawie wote siku ya kwanza. Magazeti niliyofungia kopo yote ni ya Kiingereza, nimeyachagua moja moja. Usiyatupe.

Mama yako