Risala ya Klabu ya Habari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu. Sauti yako tuliijua kabla ya sura yako. Januari 2024, timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ilipokuwa Ivory Coast kwenye AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika, ulitutangazia mechi ya Zambia saa 2 usiku, wakati wa prepo, redio ikiwa ndani ya dawati (hapa Matroni azibe masikio). Msuva alifunga dakika ya 11. Wazambia wakabaki 10 uwanjani, tukaanza kuhesabu pointi tatu. Dakika ya 88 Daka akasawazisha kwa kichwa. Ulilitangaza bao lao kwa sauti ileile uliyotangazia letu. Jambo hilo lilizua mabishano makali klabuni. Wapo wanaosema ulikosa uzalendo. Sisi tulioandika risala hii tunasema hiyo ndiyo kazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtaani wanadhani mwandishi anayepelekwa nje analipwa kutazama mpira. Mpira wenyewe ni dakika 90. Kabla yake kuna viza, kitambulisho cha CAF, shirikisho la soka la Afrika, na safari ndefu kutoka San Pedro, mji wa pwani ambako Stars ilifungwa 3-0 na Morocco, hadi Korhogo kaskazini, ilikotoka suluhu na DR Congo. Mechi hiyo ilianza saa 2 usiku kwao, huku nyumbani ikiwa saa 5, na gazeti halimsubiri mtu.

Tena habari kubwa ya safari ile haikutokea uwanjani. Baada ya mechi ya kwanza, kocha Adel Amrouche alifungiwa na CAF mechi 8 kwa maneno aliyosema kuhusu Morocco, TFF, shirikisho letu la soka, ikamsimamisha, na timu akakabidhiwa Hemed Suleiman, ambaye mashabiki wote wanamwita Morocco! Tulicheka, lakini tulijiuliza pia: siku kama hiyo mwandishi anamfuata nani kwanza, kocha, shirikisho au wachezaji? Na wakikataa kusema, anaandika nini? Leo tungependa utujibu hilo kuliko kutusimulia hoteli na ndege.

Klabu yetu inatoa gazeti la ukutani na kutangaza mechi za madarasa. Changamoto hazikosi. Kinasa sauti tunacho kimoja, nacho kinazimika mahojiano yakinoga. Kubwa zaidi ni lugha: tunataka kuripoti soka la Afrika, na Kifaransa hatuna mwalimu wake.

Tunaomba mambo matatu. Utusaidie kupata kinasa sauti kingine. Pili, Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa AFCON ya 2027, na waandishi wa nje watakuja kufanya kwetu kazi uliyoifanya kwao. Tuombee nafasi hata ya wanachama wawili kukaa nyuma kabisa kwenye mkutano wa makocha na waandishi. Tatu, utuambie ukweli kuhusu malipo na posho, hata kama wazazi wetu waliopo hapa hawatafurahi kuusikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Habari.