Barua kutoka Epworth: Nyumba ya Mchungaji Iliyojengwa Upya kwa Matofali

Epworth, Lincolnshire
Uingereza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe, Mama na wote nyumbani mkiwa wazima wa afya. Mimi huku sijambo, na baridi nimekwisha kuizoea. Uliniagiza kwamba nikifika Epworth nikueleze jinsi ilivyojengwa nyumba aliyokulia John Wesley, kasisi aliyeanzisha Umethodisti, na ukasisitiza niitazame kwa jicho la mwashi. Barua hii nzima, basi, ni ya nyumba hiyo.

Iliyopo leo si ile aliyozaliwa Wesley mwaka 1703. Nyumba ya kwanza, kwa mujibu wa hati ya mali za kanisa ya mwaka 1607, ilikuwa ya mbao na lipu, ikaezekwa kwa mabua. Wewe uliyeezeka makuti tangu ujana wako unajua kwamba moto ukishika paa la namna hiyo, ndoo za maji hazifui dafu. Ndivyo ilivyokuwa usiku wa tarehe 9 Februari 1709. Jamaa wote walitoka nje isipokuwa John, mtoto wa miaka 5, aliyebaki juu huku ngazi ya ndani ikiwaka. Na kwa kuwa hapakuwa na muda wa kutafuta ngazi ya kuegemeza ukutani, mtu mmoja alipanda mabegani mwa mwenzake akamtoa dirishani, kabla tu ya paa kuporomoka.

Gharama za kujenga upya zilimwangukia baba yake, Mchungaji Samuel Wesley. Kwa desturi ya Kanisa la Uingereza, kasisi wa cheo chake aliishi kwa zaka na mapato ya shamba la kanisa, lakini pia alipaswa kuitunza nyumba ya parokia kwa fedha zake mwenyewe, ijapokuwa haikuwa yake ya kurithisha wanawe. Samuel alikuwa amekwisha kufungwa katika ngome ya Lincoln mwaka 1705 kwa sababu ya madeni. Hata hivyo alijenga tena mwaka uleule wa moto, kwa gharama ya pauni 400 hivi, na madeni yalimwandama hadi alipofariki mwaka 1735.

Safari hii alijenga kwa matofali ya kuchoma, akaezeka kwa vigae, kwa mtindo wa enzi za Malkia Anne. Uso wa nyumba ni mrefu na hauna makeke: mlango uko katikati, na madirisha yamepangwa kwa mstari huku na huku. Madirisha yenyewe hayafunguki kwa bawaba kama yetu. Kioo kimegawanywa vipande vidogo ndani ya fremu ya mbao inayosukumwa juu na chini, na kando yake mna uwazi uliofichwa ambamo kizito kimening'inizwa kwa kamba, ili dirisha likae pale pale unapoliachia. Nilisimama pia karibu na ukuta kuangalia viungo, kwa kuwa nilijua utaniuliza. Matofali ya zama hizo ni laini, na waashi waliyaunga kwa chokaa, ambayo ni laini zaidi, ili unyevu utokee kwenye kiungo. Ukiziba viungo hivyo kwa saruji, unyevu hukosa njia, na barafu inapouma, uso wa tofali humenyuka. Ni madhara yaleyale uliyokuwa ukiyalalamikia katika nyumba za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale, Mombasa.

Ndani mna chumba cha kusomea cha Samuel, na juu kabisa, chini ya paa, chumba kinachohusishwa na vishindo visivyojulikana chanzo vilivyoisumbua familia majira ya baridi ya 1716 na 1717. Lakini chumba kilichonigusa ni jiko, lenye meko makubwa. Samuel alipokuwa London mwanzoni mwa 1712, mkewe Susanna aliongoza ibada ya Jumapili jioni humu nyumbani, na inasimuliwa kwamba ilifanyika jikoni. Ilianza kwa ajili ya watoto na watumishi, majirani wakaongezeka, hata akamwandikia mumewe kwamba watu walizidi 200 na wengi walirudi kwa kukosa mahali pa kusimama. Kwa maoni yangu Umethodisti ulianzia chumba hiki, kabla John hajahubiri hata mara moja, na uliwafikia babu zetu pale Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862.

Wamethodisti waliinunua nyumba hii mwaka 1954, wakaifungua kwa wageni mwaka 1957.

Baba, naomba unijibu jambo moja: chokaa mliyokuwa mkichoma kwa matumbawe mliiacha ilale majini kwa muda gani kabla ya kuijengea? Ningependa kuilinganisha na ya mafundi wa huku wanaokarabati nyumba kama hizi.

Nisalimie Mama, Bibi na wadogo zangu wote.

Wako akupendaye,
Mwanao