Kaka, kuhusu Hellebuyck na mtoano

Kaka mambo vipi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na ile sentensi kwamba Hellebuyck wa Winnipeg Jets ni kipa wa msimu wa kawaida tu, mtoano ukifika hamna kitu, imenikaa kichwani siku nzima. Nimeona bora nikuandikie vizuri maana haya mambo ya makipa wa hoki ya barafuni, ligi ya NHL, nayapenda sana na we ndo mtu naeweza kuongea nae mpaka usiku wa manane.

Kwanza turudi 2015, unamkumbuka Andrew Hammond wa Ottawa Senators? Makipa wao wameumia, timu iko mbali na nafasi za mtoano, wanamvuta jamaa kutoka ligi ya chini ambako hata huko alikua anafungwa sana, alafu anaingia golini mwezi wa pili na ghafla hapitiki. Mechi 12 za mwanzo alizoanza hakuna hata moja aliyofungwa zaidi ya mawili, akaifikia rekodi ya kipa wa zamani Frank Brimsek iliyokua imekaa toka miaka ya 1930. Mashabiki wakawa wanarusha baga barafuni kwa ajili ya jina lake la utani, Hamburglar, yani mwizi wa baga, siku moja mwenzake Curtis Lazar akaokota moja akaing'ata palepale. Akamaliza mechi 24 na 0.941, yani katika mashuti 1,000 ya kulenga goli anaokoa 941, hayo ni mahesabu ya Dominik Hasek, mmoja wa makipa bora wa zamani, kwenye miaka yake bora kabisa!

Msimu uliofuata akacheza mechi 24 tena. 0.914. Wastani wa ligi ulikua hapohapo tu.

Sasa piga hesabu na mimi. Katika mechi 24 za ule msimu wa maajabu alipigiwa mashuti kama 700 akafungwa 42. Angekua ni yuleyule wa 0.914 angefungwa kama 60, kwaiyo kelele zote zile na baga zote zile ni magoli 18, chini ya goli moja kwa mechi. Shuti linagonga nguzo na kutoka badala ya kuingia ndani, puki, kile kisahani wanachokipiga, inagusa skeiti ya beki inapinda kidogo, basi. Usiku mmoja ni mbaya zaidi, mashuti 30 ukifungwa mawili una 0.933 unaitwa shujaa, ukifungwa matatu una 0.900 watu wanataka ukae benchi, wakati hilo la tatu huenda hata hukuliona maana kuna jitu limesimama mbele yako.

Na hapo ndo asilimia inaponiudhi, inahesabu mashuti yote sawa. Shuti la mbali lisilo na mtu mbele na shuti baada ya pasi ya kukata mbele ya goli, ambapo kipa yuko nguzo ya kushoto inabidi ateleze mpaka ya kulia na goli lina upana wa mita 1.83, yote ni shuti moja. Ndo maana siku hizi watu wanatumia magoli yanayotarajiwa: kila shuti linapewa uwezekano wake wa kuingia kwa umbali, pembe, kama ni ribaundi, kama timu ya kipa iko pungufu, unajumlisha alafu unaangalia kipa kafungwa mangapi chini ya hapo. Mi naliamini zaidi, ingawa rekodi ya mechi inayotolewa kwa watu wote haionyeshi ile pasi ya kukata wala lile jitu lililoziba.

Ushindi ndo usinitajie kabisa. Kipa Martin Brodeur kashinda mechi 691, hakuna aliemfikia, Hasek 389, lakini Hasek ana 0.922 ya maisha yake yote na Brodeur 0.912, na Brodeur alikua na ukuta wa mabeki wa timu yake ya New Jersey mbele yake. Ila nimtendee haki, jamaa alikua anatoka nyuma ya goli kucheza puki kama beki wa tatu, anazima mashambulizi kabla shuti halijapigwa, mpaka 2005 ligi ikachora eneo nyuma ya goli na kuzuia makipa kugusa puki kwenye kona. Kazi hiyo haipo kwenye asilimia yoyote.

Haya, Hellebuyck. Vezina tatu, tuzo ya kipa bora wa ligi, na 2025 kachukua na Hart, tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima, 0.925 kwa mashuti zaidi ya 1,600. Alafu mtoano wa 2023, 2024 na 2025 hajafika 0.890 hata mara moja, na huo wa 2025 dhidi ya St. Louis kocha kamtoa mara tatu, zote ugenini. Najua inauma kuangalia. Lakini jumlisha hizo mechi za miaka mitatu, ni 23. Hammond alitudanganya kwa 24.

Kinachonisumbua, na hapa nakukubalia kabisa, ni kwamba zote tatu zimeangukia upande uleule, na wanaofika mtoano wanapiga mashuti ya karibu na kumziba macho kuliko wale wa mwezi wa kumi na moja. Kwaiyo nina ombi, tukae tuyarudie magoli ya ile seriesi ya St. Louis moja moja, we uandike yale ambayo hakuona puki mi niandike yale aliyoona kabisa akafungwa. Niambie lini una nafasi.

Rafiki yako