Barua ya kufunga muhula: mzee wetu ametangulia, sufuria la watoto limebaki kwetu

Kwa wazazi na walezi wote,

Mbukwenyi wazazi wangu, poleni na mavuno na poleni na huu upepo wa baridi unaotupiga asubuhi. Tunafunga shule Ijumaa hii, ripoti za watoto mtazipata kwa walimu wa madarasa kuanzia saa nne, naomba mzazi aje mwenyewe asimtume kaka mtu, maana mwalimu ana mambo mengine ya kukwambia ambayo kwenye ripoti hayaandikiki. Darasa la saba wana mtihani wa taifa mwezi wa tisa na darasa la nne wanafuata baadae, kwahiyo likizo hii kuchunga mbuzi sawa, kupukuchua mahindi sawa, ila jioni washike daftari. Mengine ya taaluma tutayaongea kwenye kikao, leo nataka barua hii nimzungumzie mtu mmoja.

Wote mnajua muhula huu tumempoteza mzee wetu wa mashine ya alizeti. Nilikaa na familia baada ya arobaini wakaniruhusu niandike aliyotufanyia, ila wakaomba jina lisiwekwe kwenye karatasi maana enzi za uhai wake mwenyewe hakutaka kabisa, hata tulipotaka kuandika jina lake kwenye ukuta wa jiko la shule alikataa akasema andikeni menyu. Basi nami nitamwita mzee tu, na nyie mnamjua.

Kwa wazazi waliohamia juzi juzi niwaambie kidogo. Mzee alianza darasa la kwanza kipindi kile cha UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, mwishoni mwa miaka ya 70, watoto wamejaa darasani mpaka wengine wanakaa chini, akamaliza la saba hakuchaguliwa, akaenda Kibaigwa kwenye soko la nafaka kubeba magunia. Nyie mnaoijua Kibaigwa mnajua kazi ile, lori linatoka Kiteto usiku unaamshwa unashusha, linaondoka la Dar unapakia, mgongo unakuwa sugu. Akabeba miaka, akaanza kununua gunia moja moja, baadae akapata kibanda, baadae lori la mkopo, mwisho akarudi hapa kijijini akafunga mashine ya kukamua alizeti. Hela yake ilitoka mgongoni kwake, na nadhani ndo maana alijua thamani ya sahani ya chakula.

Kitu ambacho wakulima wa hapa hawatamsahau ni mizani. Wanunuzi wengi wanakuja na lumbesa, gunia la debe sita linashonewa kilemba juu linafika debe saba mpaka nane na mkulima analipwa bei ya gunia moja, na sheria ya vipimo imekataza lakini msimu ukifika mnaona wenyewe. Mzee aliweka mizani mlangoni, kila kilo ilipimwa mbele ya mwenye mzigo na mwenye mzigo anasoma mwenyewe, na asiyejua kusoma alimwita mtoto wa shule aliyekuwa anapita amsomee. Wenzake walimwambia unajiumiza, yeye akawa anasema mimi nimebeba hizo lumbesa nazijua uzito wake. Mimi nikifundisha hisabati za vipimo darasa la tano nilikuwa nawapeleka watoto pale mashineni, na alikuwa anasimamisha kazi ili wapime.

Sasa upande wa shule. Mnafahamu toka 2016 elimu ya msingi ni bila ada, serikali inaleta ruzuku ya 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka na sehemu yake inabaki huko juu kwa ajili ya vitabu, chaki na karatasi za mitihani zinatoka humo humo. Chakula cha mtoto shuleni kinabaki ni kazi yetu wazazi, na hapa kwetu mvua ni ile ya Desemba mpaka Aprili basi, ikikatika mwezi wa pili mahindi yanaishia kiunoni na debe la kuleta shule halipo. Miaka ile ya ukame nyie wenyewe mnakumbuka, mtoto anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu anatembea, ikifika saa tano kichwa kiko kwenye dawati, mwalimu unaongea na ukuta. Mzee alikuja ofisini akaniuliza swali moja tu, watoto hawa wanakula nini mchana. Nikamwambia ukweli. Kesho yake jioni baada ya alasiri likaja tolori la magunia na kijana akasema ametumwa aseme ni mahindi ya shule, basi. Toka siku hiyo kila nyumba iliyoshindwa kuleta, pengo lilizibwa, mahindi na maharage ya makande, unga wa uji wa wadogo, mafuta ya alizeti dumu kwa dumu, na mashudu ya kulishia kuku wa shule ambao mayai yake mnajua yanaenda kwa watoto wa awali.

Na hakuwa wa kutuma tu. Alikuwa anakuja jikoni bila taarifa, anavua kofia, anafunua sufuria, anachota kwa mwiko anaonja, halafu anamwambia mpishi mama hili harage halijaiva watoto wataumwa tumbo, ongeza moto. Kuni zikiwa mbichi anajua kwa moshi. Siku moja alikuta mtoto wa awali amekaa pembeni hana bakuli, wenzake wanakula anawaangalia, alikunywa naye uji kwenye kikombe kimoja wakipokezana, na wiki iliyofuata yakaja mabakuli ya plastiki magunia mawili. Mpishi wetu kila akisimulia hiyo analia.

Maji pia. Kabla ya kile kisima mtoto wa kike alikuwa anakuja shule na dumu la lita tano kichwani, asipokuja nalo anaogopa kuingia. Mzee alichimba kisima na akaweka na simtenki, na alipoulizwa mbona hela nyingi hivo alisema hii ni sadaka ya jaria, yaani ile ambayo mtu akishakufa bado inamwandikia thawabu. Alikuwa makini sana na mambo ya dini yake. Zaka yake ile asilimia 2.5 ya mali iliyokaa mwaka alikuwa anaipiga hesabu na sheikh na inaenda kwa wanaostahili, cha shule alikuwa anakitoa mbali kabisa, hakutaka kuchanganya. Idd ya kuchinja mnajua, nyama ilikuwa inapita nyumba za Waislamu na za Wakristo, hakuna aliyeulizwa anasali wapi. Na wale wa kanisani kwetu wanajua mabati ya paa la upande wa kulia yalitoka kwa nani.

Siku ya mazishi sheikh alikumbusha ile hadithi ya mtu anayetoa sadaka kwa siri mpaka mkono wa kushoto haujui wa kulia umetoa nini, na mchungaji wetu aliyekuwa amesimama karibu yangu akasema hata Mathayo sita ndivo ilivo. Watu wakaitikia pande zote mbili. Sijawahi kuona umati ule hapa kijijini, magari yalianzia barabara kuu, na watoto wetu walisimama pembeni na yunifomu zao, hakuna aliyewaambia wanyamaze na walinyamaza.

Kwenye familia ndo usiseme. Alikuwa na shughuli nyingi lakini mashine ilifungwa Ijumaa saa sita, anaenda kuswali, akirudi anakula na watu wa nyumbani kwake mpaka jioni, mteja akija anaambiwa kesho. Mama yake mzazi alipokuwa hawezi kutembea alimbeba mwenyewe mgongoni mpaka kwenye gari kila walipokwenda kliniki Mvumi, hakumwachia dereva. Mabinti zake wote wamesoma, na kwenye vikao vya wazazi alikuja kwa ajili ya wajukuu akakaa kwenye kale kabenchi ka mbele, mtu mzima magoti yamefika kifuani, anasikiliza mpaka mwisho. Wababa naomba hilo mlitazame, maana vikao vyetu vinajaa kina mama tu.

Baada ya arobaini kijana wake mkubwa alikuja ofisini na daftari la baba yake, la kawaida tu hili la kurasa 96, nyuma limeandikwa kwa penseli namba za viatu. Viatu tu, 31, 34, 36, na herufi ya kwanza ya kila mtoto, na pembeni alama ya tiki akishanunua. Ndo watoto wale ambao mlikuwa mnauliza viatu wamepata wapi na mimi nasema ni msaada. Wazazi wa watoto hao wengine hata hawakujua mpaka leo hii wanaposoma hapa. Mbili za mwisho hazikuwa na tiki. Kijana ameshanunua, na watoto hao wamevaa toka wiki jana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na naliongea kwa moyo mweupe. Watoto wa mzee wamesema wataendelea kutoa wanachoweza, lakini wana mirathi ya kumaliza, wana madeni ya baba ya kulipa kwanza kama dini inavowataka, na kwakweli haifai tukawaangalie wao. Kuna nyumba hapa ambazo mwaka huu zimevuna vizuri, nimepita nimeona vihenge vimejaa, na hazijaleta hata kisado, kwasababu tulizoea kwamba mzee yupo. Mzee alikuwa anaziba pengo la wasio nacho. Hakuwa analisha kwa niaba ya wenye nacho. Tukiliacha hili, mwezi wa kumi pale jua linapokuwa kali na ghala zinaanza kuonesha sakafu, watoto watarudi kulaza vichwa kwenye madawati, na watakaoanza ni wale wale wa mbali.

Kikao cha wazazi kilishakubaliana na mimi nakumbusha tu, kila mtoto debe moja la mahindi na kilo tano za maharage kwa muhula wa pili. Leteni sasa hivi yakiwa ndani, msisubiri bei ipande mkauza yote. Asiye na mahindi alete mtama au uwele, uji wa uwele watoto wanaupenda kuliko hata wa mahindi, asiye na nafaka kabisa alete mzigo wa kuni kavu au aje siku moja kusaidia kuchota maji na kuosha masufuria. Mwenye ng'ombe na mkokoteni awapakilie majirani. Vitapimwa kwa mizani, ile ile ya mzee, familia imetuazima, na kila mtu atasoma mwenyewe na kuandikiwa kwenye daftari la stoo mbele ya mjumbe wa kamati ya shule. Na nirudie, hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani wala kunyimwa chakula kwasababu mzazi hajaleta, hilo serikali imekataza na hata isingekataza mimi nisingefanya. Mwenye shida aje ofisini tuongee, hayatatoka humo ndani.

Mzazi aliyevuna vizuri akitaka kuleta debe la pili kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, hatutamtangaza kwenye grupu la WhatsApp. Aje jioni, ampe mwalimu wa stoo, aondoke.

La mwisho, mama yetu mjane bado yupo eda, ile miezi minne na siku kumi haijaisha, kina mama wanaotaka kwenda kumkalia waende tu anawapokea, mchana baada ya adhuhuri. Sisi wengine na walimu tutakwenda kumpa pole pamoja Jumamosi ya kwanza baada ya eda kwisha, nitawajulisha kwa meseji, na kamati ya shule imeomba tusiende mikono mitupu. Tarehe ya kufungua ipo chini ya ripoti ya mtoto. Stoo itakuwa wazi kila Jumanne na Alhamisi likizo yote, kuanzia saa mbili mpaka saa saba.

Wenu,
Mwalimu Mkuu