Pakeji zinazotegemeana zisilazimishwe

Mhariri,

Kompyuta ya Debian au Ubuntu, mifumo ya Linux, ikikwama katikati ya kusasishwa, ushauri unaotolewa hapa Lamu ni wa aina mbili: ilazimishe, au ifomati. Wote unaharibu mali ya watu, na mara nyingi hauna haja.

Tatizo lenyewe ni hili: pakeji (furushi la faili za programu) ya kwanza haiwekeki kwa kuwa inataka toleo jipya la pili, na ya pili haiwekeki kwa kuwa inataka toleo jipya la kwanza. Mtu akitazama, haoni pa kuanzia. Lakini dpkg, ambayo ndiyo huweka pakeji, hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza huifungua pakeji na kutandaza faili zake kwenye diski, kisha huisanidi. Utegemezi wa kawaida, ule unaoandikwa Depends, hudaiwa kwenye hatua ya pili tu. Ni kama mbao mbili za mlango wetu wa kuchonga: komeo haifungi kwa ubao mmoja, lakini hakuna kinachozuia kuzitia zote mbili kwenye fremu kwanza, komeo baadaye. Kwa hiyo pakeji mbili zinazongojana zipakuliwe kwa "apt download" (apt ndiyo huleta pakeji kutoka mtandaoni na kuikabidhi dpkg), zifunguliwe pamoja kwa amri moja ya "sudo dpkg --unpack" yenye majina ya faili zote mbili, halafu ifuate "sudo dpkg --configure -a". Kwenye duara hilo dpkg hutafuta pakeji isiyo na postinst, yaani skripti inayoendeshwa wakati wa kusanidi, na kulikata hapo. Anayeshughulikia moja, akaiacha, akaenda kwa nyingine, atazunguka mpaka Isha.

Pre-Depends ni jambo jingine. Hiyo hudai pakeji inayotegemewa iwe imesanidiwa kabla hata ya ile inayoitegemea kufunguliwa. Apt ikilalamika kwamba haiwezi kusanidi pakeji fulani papo hapo, jaribu kwanza kuiweka pakeji hiyo peke yake kwa "sudo apt install". Ikikataa, ndipo uongeze "-o APT::Immediate-Configure=false" kwenye amri ya kusasisha, kwa mara hiyo moja.

Hata hivyo duara la kweli ni nadra. Mara nyingi kinachoonekana kama duara ni maghala, yaani seva ambako apt huchukua pakeji, yaliyochanganywa. Mtu hubadilisha jina bookworm (Debian 12) kuwa trixie (Debian 13) ndani ya /etc/apt/sources.list ili ahamie toleo hilo lililotoka Agosti 2025, akasahau faili za maghala mengine zilizomo kwenye /etc/apt/sources.list.d. Au kompyuta ina Wine, ya kuendeshea programu za Windows, hivyo inabeba maktaba ileile (pakeji ya msimbo unaotumiwa na programu nyingi) mara mbili, ya i386 (biti 32) na ya amd64 (biti 64), na dpkg inadai zote ziwe toleo moja kamili. Ghala la nje likileta toleo jipya la amd64 pekee, ile ya i386 hukwama, na kila moja huonekana inamngoja mwenziwe.

Dawa ni "apt policy" ikifuatwa na jina la maktaba. Toleo lililomo kwenye kompyuta huwekewa nyota tatu. Tazama mistari iliyo chini yake: ikiwa pana mmoja tu, wa /var/lib/dpkg/status wenye namba 100, basi hakuna ghala linalotoa toleo hilo tena, ni masalio. Ondoa ghala la nje, endesha "sudo apt update", kisha rudisha zote mbili, ya i386 na ya amd64, kwa amri moja ya "sudo apt install", ukitaja toleo baada ya alama ya usawa. Pia angalia "apt-mark showhold", inayoonyesha pakeji zilizozuiwa zisisasishwe, ingawa ule ujumbe wa apt kuhusu pakeji mbovu zilizoshikiliwa hutokea hata pale ambapo hakuna aliyeshikilia chochote. Umewapoteza wengi.

Wanaotumia "--force-depends", ya kuilazimisha dpkg ipuuze utegemezi, wajue wanachofanya. Pakeji inaingia, lakini pengo linabaki kwenye kumbukumbu za dpkg, na tangu siku hiyo apt hukataa kuweka kitu kingine chochote mpaka utumie "apt --fix-broken install", ambayo huenda ikaing'oa pakeji ileile uliyoilazimisha. Amri hiyo ikikuletea orodha ya vitu vya kuondolewa, isome jina kwa jina. Ukiona humo libc6, maktaba ya msingi inayotegemewa na karibu kila programu, au mazingira yote ya dezktopu, jibu n.

Tena, kwa kuwa stima hukatika bila taarifa, usipakue na kuweka kwa mkupuo mmoja. Anza na "sudo apt full-upgrade --download-only". Zikishaingia zote na betri imejaa, rudia amri bila hilo neno la mwisho. Umeme ukikatika hata hivyo, usifomati: washa, "sudo dpkg --audit" ikuonyeshe zilizobaki njiani, kisha "sudo dpkg --configure -a".

Fundi wa kompyuta,
Langoni, Lamu